Je, Wajua? Deccan, India Isiyo na Pwani

Pwani yetu imeijua India tangu zama za majahazi, ila imeijua kwa upande mmoja tu: upande wa bahari. Kutch, Surat, Bombay, Goa. Huko ndiko kulikotoka vitambaa, shanga na wenye maduka, na huko ndiko zilikokwenda pembe za ndovu. Nyuma ya pwani hiyo kuna India nyingine, isiyotajwa sana midomoni mwetu. Ukipanda treni Mumbai kwenda Pune, baada ya mwendo wa tambarare injini inaanza kukwea milima, mahandaki yanafuatana, masikio yanaziba kidogo. Kisha milima inakwisha, nawe unangoja treni iteremke upande wa pili. Haiteremki. Umeshafika juu ya uwanda wa Deccan, na kutoka hapo ardhi inainama polepole kuelekea mashariki kwa mamia ya kilomita.

Uwanda huu umechukua sehemu kubwa ya majimbo ya Maharashtra, Karnataka na Telangana, pamoja na kipande cha Andhra Pradesh. Una kimo cha wastani cha mita 600 hivi juu ya usawa wa bahari, na una joto, vumbi na mawe mengi. Waandishi wa historia huusimulia kwa vita na ngome. Mimi nauona kwa jicho lingine: mengi yanayoifanya Deccan iwe Deccan yaliingia kutoka nje, na sehemu isiyo ndogo iliingia kutoka Afrika.

Volkano iliyoipika Deccan sasa iko jirani na Madagaska

Yapata miaka milioni 66 iliyopita, magharibi mwa India ardhi ilipasuka. Haikuwa volkano ya mlima mmoja unaotema moto kileleni kama Oldoinyo Lengai. Lava ilitoka kwenye nyufa ndefu, ikatambaa, ikapoa, ikafunikwa na nyingine, na nyingine tena, kwa muda wa malaki ya miaka. Hadi leo mwamba huo mweusi wa basalti umefunika takriban kilomita za mraba 500,000, yaani zaidi kidogo ya nusu ya Tanzania nzima, na upande wa magharibi unene wake unazidi kilomita 2. Tazama kilima chochote cha Maharashtra wakati wa jioni utaona kimekatwa kama ngazi. Kila ngazi ni mmiminiko mmoja wa lava.

La kushangaza zaidi ni chimbuko lake. Chini kabisa ya ardhi palikuwa na mahali pa moto mkali palipotulia, huku bara la India likisafiri juu yake kuelekea kaskazini. India ikapita, moto ukabaki. Baadaye moto uleule ulizaa kisiwa cha Morisi, na sasa uko chini ya Réunion, ambako mlima Piton de la Fournaise bado unalipuka mara kwa mara. Visiwa vya mawe ya matale vya Shelisheli navyo ni kipande kilichomeguka kutoka India karibu na wakati huohuo.

Dinosaria walitoweka zama hizohizo. Wanasayansi wengi hukilaumu kimondo kilichoanguka Chicxulub, Mexico, lakini wapo wanaosema gesi za Deccan zilikuwa zimeshaanza kuichafua hali ya hewa, kwa hiyo kimondo kilimkuta mgonjwa kitandani.

Mito inayoipa bahari mgongo

Mto Krishna unaanzia Mahabaleshwar, kilomita kama 65 tu kutoka Bahari ya Arabia. Mto Godavari unaanzia Trimbak karibu na Nashik, kilomita 80 hivi kutoka bahari hiyohiyo. Hakuna hata mmoja unaokwenda huko. Yote miwili inageuka mashariki, inalivuka bara zima na kumwaga maji katika Ghuba ya Bengal. Godavari husafiri kilomita 1,465 kufanya hivyo. Sababu ni ule mwinamo wa uwanda: ukingo wa magharibi, yaani milima ya Western Ghats, umeinuka, na upande wa mashariki umelala.

Ukingo huo ndio pia unaoamua nani apate mvua. Upepo unaoileta ni ndugu wa kusi yetu, ileile iliyosukuma majahazi kutoka Lamu na Unguja kwenda India. Ukishavuka bahari na kujaa unyevu, hugonga Western Ghats, hupanda, hupoa na kumwaga. Mahabaleshwar hupata zaidi ya milimita 5,000 kwa mwaka, karibu yote kati ya Juni na Septemba. Teremka mashariki safari ya saa chache kwa gari, utafika kwenye wilaya ambazo mwaka mzuri ni wa milimita 600. Mbingu ni ileile, mawingu unayaona yakipita, lakini yameshajimaliza.

Mwezi Aprili 2016 mji wa Latur uliishiwa maji kabisa, hadi serikali ikapeleka treni ya mabehewa ya matangi kutoka Miraj, zaidi ya kilomita 300, ikiwa na lita nusu milioni katika safari ya kwanza. Watu walipanga ndoo. Ajabu ni kwamba mkoa huohuo hulima miwa, zao lenye kiu kubwa, kwa sababu viwanda vya sukari vipo na vina wanasiasa wake. Hapo asilaumiwe upepo.

Ugali wa Karnataka

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ni jambo ambalo hata Wahindi wengi hawalijui.

Chakula cha jadi cha Deccan si wali. Mpunga unataka maji, na maji hayapo. Chakula ni mtama, uwele na ulezi. Nafaka hizi tatu zote ni za Afrika. Mtama ulianza kulimwa upande wa Sudan. Uwele ni wa Sahel, Afrika Magharibi. Ulezi ni wa nyanda za juu za Ethiopia na Uganda. Zilivuka bahari zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, kabla ya Uislamu, kabla ya Ukristo, kabla ya jahazi lolote tunalolijua kwa jina, na zikakuta ardhi kame iliyokuwa ikizingoja. Nani alizibeba, kwa njia ipi, akiwa mfanyabiashara au mvuvi aliyechukua chakula chake cha njiani, hakuna maandishi. Kuna punje tu, zilizoungua jikoni na kuchimbuliwa na wanaakiolojia.

Kusini mwa Karnataka ulezi huitwa ragi, na chakula chake ni ragi mudde. Maji yanachemshwa sufuriani, unga unatiwa, unaachwa utokote kidogo, kisha unasongwa kwa mti mpaka ushikane. Mpishi analowesha viganja na kuufinyanga uwe madonge ya mviringo, makubwa kama ngumi na zaidi. Mlaji anamega, anachovya kwenye mchuzi mwepesi wa mboga, dengu au nyama, kisha anameza. Hatafuni. Anayetafuna mudde hujulikana mara moja kuwa ni mgeni, na wenyeji watamcheka kwa upole. Mkulima wa huko atakuambia tumbo lililopokea madonge mawili asubuhi halina habari na njaa hadi jua lizame, maneno ambayo mtu wa Singida au wa Teso hatahitaji kutafsiriwa.

Maharashtra wao ni watu wa mtama, wauitao jowar. Unga wa mtama hauvutiki kama wa ngano, hivyo chapati yake, bhakri, haisukumwi kwa kibao. Hupigwapigwa kwa kiganja juu ya sinia lenye unga mkavu, ikizungushwa huku inapanuka, mpaka inakuwa duara jembamba. Ikishawekwa kwenye chuma cha moto, upande wa juu hupakwa maji kwa vidole, hugeuzwa, kisha hupelekwa kwenye makaa ili ifure. Huliwa na pilipili mbichi zilizotwangwa na kitunguu saumu. Wakati wa baridi, mtama ukiwa bado mbichi, watu wa mjini hufunga safari kwenda mashambani kula hurda: masuke yanachomwa kwenye makaa ya kinyesi cha ng'ombe, yanafikichwa viganjani yangali moto, punje laini zinaliwa na chatini ya karanga na sukari guru. Walimu wa vyuo vikuu na madereva wa malori hukaa mkeka mmoja siku hiyo.

Mwaka 2023 ulikuwa Mwaka wa Kimataifa wa nafaka za jamii hii, na aliyeupendekeza Umoja wa Mataifa ni India. Jina la Afrika lilisikika kidogo sana katika sherehe zile.

Udongo unaotunza maji

Mtama wa Solapur hupandwa mvua zikiwa zinakwisha, Septemba na Oktoba, na mara nyingi hukua bila kunyeshewa tena hadi kuvunwa. Siri iko kwenye udongo mweusi uliotokana na basalti. Ukilowa hufura na kunata, ukikauka hupasuka nyufa za kuingia mkono, na chini ya nyufa unyevu unabaki kwa miezi. Pamba huupenda. Wajenzi wa Nairobi na nyanda za Athi, wanaouchukia udongo wa namna hiyo kwa sababu hupasua kuta, huuita kwa Kiingereza kwa jina la pamba. Jina hilo lilitoka India.

Ziwa lililogeuka waridi

Lonar ni shimo lenye upana wa kilomita 1.8 lililochimbwa na kimondo katikati ya basalti. Makreta ya kimondo ndani ya mwamba wa aina hii ni haba sana duniani, na kwa kuwa Mwezi na Mirihi nazo zina basalti tele, watafiti wa anga huenda Lonar kujifunzia bila kupanda roketi. Ndani yake kuna ziwa la magadi na chumvi. Juni 2020 maji yaligeuka rangi ya waridi, simu za watu zikajaa picha. Wataalamu wa Pune walikuta ni vijidudu vinavyopenda chumvi, vilivyozidi baada ya maji kupungua. Jamaa wa vijidudu hivyo huchangia wekundu wa Ziwa Natron.

Hekalu lililoanzwa kwa paa

Kila fundi huanza na msingi. Waliojenga hekalu la Kailasa pale Ellora, karne ya 8 wakati wa mfalme Krishna wa Kwanza wa ukoo wa Rashtrakuta, walianza na kilele. Walipanda juu ya mlima, wakachimba mitaro mirefu pande tatu hadi wakatenga bonge moja la mwamba, kisha wakateremka nalo kwa patasi na nyundo: paa, nguzo, ngazi, tembo, miungu, sakafu mwisho. Mawe yaliyotolewa hukadiriwa kufikia tani 200,000. Kilichobaki, kirefu kuliko jengo la ghorofa nane, hakina kiungo hata kimoja. Ni jiwe lilelile la mlima. Fikiria hesabu yake. Aliyechonga mkonga wa tembo vibaya hakuwa na jiwe la akiba.

Kuna mapango 34 hapo, 12 ya Kibudha, 17 ya Kihindu na 5 ya Kijaini, yote kwenye mteremko mmoja, na waumini wa dini moja wangesikia nyundo za wa dini nyingine.

Ajanta, mwendo wa saa mbili na ushei kutoka hapo, ni ya zamani zaidi na ina michoro ya ukutani isiyo na mfano. Msitu uliisitiri mpaka Aprili 1819, pale ofisa wa Kiingereza aitwaye John Smith, aliyekuwa akiwinda chui milia, alipoona tao la pango ng'ambo ya korongo. Aliingia, na kwa adabu za wakati ule akakwaruza jina lake na tarehe ukutani. Maandishi hayo bado yapo katika pango namba 10, ila sasa yako juu kuliko mkono wa mtu mzima unavyofika: Smith alisimama juu ya kifusi ambacho baadaye kilizolewa.

Aliyeiona Kilwa aliiona na Daulatabad

Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyefika Kilwa mwaka 1331 na kuusifu mji ule, baadaye alikwenda India akawa kadhi wa Sultani Muhammad bin Tughluq. Sultani huyo alikuwa mtu wa mambo makubwa. Mwaka 1327 aliamua kuwa Delhi iko mbali mno na kusini, akawaamuru wakubwa wa mji, wanazuoni na familia zao wahamie Daulatabad, juu ya Deccan, zaidi ya kilomita 1,000. Watu waliteseka njiani, na baada ya miaka michache amri ikalegezwa wengi wakarudi. Lakini si wote. Waliobaki walipanda mbegu ya Kidakhni, lugha ya jamii ya Kiurdu ambayo ilikuwa na ushairi wake kabla Delhi haijaupa Kiurdu heshima.

Ngome ya Daulatabad ni kilima ambacho ubavu wake umechongwa wima pande zote, kikazungukwa na handaki la maji, njia ya kuingia ikiwa moja. Baada ya daraja unaingia kwenye mtaro wa ndani ya mwamba, giza totoro, wenye kona na ngazi zisizolingana kwa makusudi, ili adui ajikwae. Siku hizi popo ndio walinzi. Ibn Battuta alipita hapo na alichokikumbuka zaidi ni panya wa gerezani, wakubwa kuliko paka, ambao anadai paka wenyewe waliwakimbia. Nani ambishie?

Chapu, mtoto wa Ethiopia

Mwaka 1548 au karibu na hapo, nchini Ethiopia, alizaliwa mtoto aliyeitwa Chapu. Aliuzwa utumwani akiwa mdogo, akapitishwa Mocha, akafika Baghdad ambako bwana mmoja alimsomesha na kumpa jina la Ambar. Mwishowe akauzwa Deccan. Aliyemnunua huko, Chingiz Khan, alikuwa waziri mkuu wa usultani wa Ahmadnagar, naye mwenyewe alikuwa Mhabeshi aliyeanza kama mtumwa. Hilo halikuwa ajabu. Masultani wa Deccan, walioogopa mashemeji na binamu zao wenye ndoto za kiti, walipenda kuwa na askari wasio na ukoo wa karibu, na Wahabeshi wengi walipanda vyeo hadi kuwa majenerali, walinzi wa hazina na magavana.

Bwana wake alipofariki, Ambar akawa huru. Alikusanya wapanda farasi wachache, akajikodisha huku na kule, kundi likakua. Mwaka 1600 Wamoghul wa kaskazini mwa India walipoiteka ngome ya Ahmadnagar na kudhani wameumaliza usultani, Ambar alimtoa kijana wa ukoo wa kifalme, akamwozesha binti yake, akamtawaza, na yeye akashika hatamu. Alizishika kwa miaka 26. Waliokuja kumwondoa walikuwa majeshi ya Akbar na kisha Jahangir, dola tajiri kuliko karibu zote za wakati ule. Hakukabiliana nao uwanjani ila alipotaka mwenyewe. Wapanda farasi wepesi wa Kimaratha, wenyeji wa uwanda huu, walikata njia za chakula usiku, wakateketeza malisho, wakayeyuka kwenye magenge ya basalti. Miongoni mwa makamanda wa Kimaratha waliopigana upande wake mwaka 1624 pale Bhatvadi ni Shahaji, baba yake Shivaji, ambaye baadaye alianzisha dola ya Wamaratha na kuwachosha Wamoghul kwa mbinu za aina hiyohiyo.

Jahangir alimchukia kwa namna ya kuchekesha. Katika kumbukumbu zake mara nyingi humtaja kwa tusi la rangi. Kiasi cha mwaka 1616 mchoraji wake Abu'l-Hasan alimchora mfalme akiwa amesimama juu ya tufe la dunia, tufe juu ya fahali, fahali juu ya samaki, akikilenga kwa mshale kichwa cha Ambar kilichochomekwa kwenye mkuki. Picha ipo Dublin hadi leo. Tukio lenyewe halikutokea kamwe: Ambar alikufa mwaka 1626 na uzee wake, karibu miaka 80, bila Wamoghul kufaulu kumwondoa.

Alikuwa pia mjenzi. Mwaka 1610 alianzisha mji wa Khadki kwenye bonde kavu, na akili kubwa aliitumia kwenye maji. Mafundi walichimba mifereji chini ya ardhi kutoka vilimani, ikiteremka kwa mwinamo mdogo tu, bila pampu, yenye vishimo vya kuingilia kwa ajili ya kusafisha. Iliitwa Nahar-e-Ambari, na ilinywesha mji kwa karne nyingi. Mji umebadilishwa jina mara kadhaa: ukawa Fatehnagar, kisha Aurangabad kwa heshima ya mfalme wa Kimoghul Aurangzeb, na tangu 2023 ni Chhatrapati Sambhajinagar, kwa heshima ya mfalme wa Kimaratha ambaye Aurangzeb alimuua. Jina la aliyeuanzisha halimo katika yote hayo.

Aurangzeb mwenyewe alitumia miaka 26 ya mwisho wa maisha yake kupigana Deccan, akafia hukohuko mwaka 1707 bila kuimaliza. Kaburi lake liko Khuldabad, la udongo, wazi, alivyousia. Kaburi la Malik Ambar liko Khuldabad pia, na ni kubwa kuliko lake.

Bokoboko ya Hyderabad

Mji wa Hyderabad ulianzishwa mwaka 1591, pamoja na mnara wake maarufu wa Charminar. Watawala wake wa baadaye, akina Nizam, walipenda kulindwa na wageni. Walikuwa na kikosi cha wapanda farasi wa Kiafrika, na kikosi kikavunjwa dola ilipotwaliwa na India mwaka 1948, lakini mtaa walikoishi bado unaitwa A.C. Guards, vifupisho vya jina la kikosi. Wajukuu wao wapo, wanasema Kiurdu cha Deccan kama jirani zao.

Mtaa mwingine, Barkas, ulikuwa kambi ya askari wa Hadhramaut. Ndugu wa hao ndio waliokuja Mombasa, Lamu na Unguja. Vijana wa Barkas hujifunga msuli, na asubuhi huuzwa harees, ngano na nyama iliyopikwa usiku kucha na kupondwa hadi inavutika, juu yake samli. Kwetu hiyo ni bokoboko. Wahyderabad waliichukua, wakaitia dengu na viungo, wakaiita haleem; Ramadhani vyungu vikubwa kwenye meko ya matofali hupangwa barabarani na wanaume wawili wawili huiponda kwa nyundo ndefu za mbao. Mwaka 2010 ililindwa kisheria, isiuzwe kwa jina la Hyderabad ila iliyopikwa kwa kanuni zake. Na harusini hupigwa marfa, ngoma iliyochanganya mapigo ya Waafrika hao na ya Wahadhrami, ambayo sasa hata vyama vya siasa huikodi.

Kwenye misitu ya ukingo wa magharibi wa Karnataka, Yellapur na Haliyal, wapo Wahindi wengine wa asili ya Kiafrika, waitwao Wasiddi, ambao mababu wao wengi walitoroka utumwa wa Wareno wa Goa. Baadhi ni Wahindu, baadhi Waislamu, baadhi Wakatoliki, na wanaoana. Wanawake hushona kawandi, mfarishi wa viraka vya nguo kuukuu, wakianzia pembeni na kuzunguka kuelekea katikati. Pembe nne sharti ziwe na vijipembetatu viitwavyo maua, la sivyo mfarishi unahesabiwa kuwa uchi. Mwaka 2020 Shantaram Budna Siddi akawa Msiddi wa kwanza kuingia katika baraza la kutunga sheria la Karnataka.

Weusi wa Bidar

Vyombo vya Bidri ni vyeusi tii na maua ya fedha. Chombo husubiwa kwa zinki iliyotiwa shaba kidogo, huchongwa kwa patasi nyembamba, uzi wa fedha hugongomelewa ndani ya mchongo. Mpaka hapo kila kitu ni kijivu. Kisha fundi huchemsha udongo pamoja na chumvi ya amonia na kukitia chombo humo: zinki inakuwa nyeusi, fedha haiguswi. Udongo huo lazima utoke ndani ya ngome ya Bidar, mahali pasipofika mvua wala jua kwa karne nyingi, na mafundi husemekana kuuonja kwa ulimi kujua kama unafaa.

Kwa ufupi

Hadi miaka ya 1720, Brazil ilipoanza kuchimba, karibu almasi zote za dunia zilitoka India, nyingi kandokando ya mto Krishna. Golconda, ngome ya karibu na Hyderabad ambayo jina lake huambatana na almasi hizo, haikuwa mgodi. Ilikuwa soko.

Nizam wa mwisho alikuwa na almasi ya karati 184 na ushei. Yasemekana aliikuta kwenye ncha ya kiatu cha baba yake, akaifanya kitu cha kukandamizia karatasi mezani.

Tipu Sultan wa Mysore alikuwa na roketi za bomba la chuma. Waingereza walipomuua mwaka 1799 walizibeba kwao, na William Congreve akaunda zake kwa kuziiga.

Matofali ya mnara wa hekalu la Ramappa huko Telangana, la mwaka 1213, ni mepesi kiasi cha kuelea majini.

Bwawa la Koyna lilijazwa maji miaka ya 1960 mwanzoni. Desemba 1967 likafuatiwa na tetemeko la zaidi ya 6 katika kipimo, katika ardhi iliyodhaniwa imelala. Uzito wa maji na kupenya kwake kwenye nyufa huhesabiwa kuwa ndio uliolichochea.

Mawe ya Hampi, mabaki ya jiji la Vijayanagara lililoangamia mwaka 1565, yamerundikana kama ya Mwanza: matale makubwa ya mviringo, jingine juu ya jingine, yakiegemea pasipo na sababu.

Mgodi wa dhahabu wa Kolar ulifika kina cha kilomita 3 na kitu. Mwaka 1902 ulivutiwa umeme kutoka maporomoko ya Shivanasamudra, karibu kilomita 150. Mwaka 1965 wanafizikia waliokuwa wameweka vyombo vyao chini kabisa waliripoti kunasa nutrino zizaliwazo angani, kitu ambacho wenzao walikuwa wakikitafuta mwaka huohuo katika mgodi wa dhahabu wa Afrika Kusini. Kolar ulifungwa 2001.

Kwa atakayefunga safari: kituo kizuri ni mji wa Malik Ambar, kwani Ellora, Daulatabad na Khuldabad ziko barabara moja. Ajanta hufungwa Jumatatu, Ellora hufungwa Jumanne. Madereva wa teksi hawakumbushi.